Fishi ya nyumba na namba za simu za watu wetu

Ndugu wasikilizaji, na ninyi wasomaji mlio mbali na makwenu, leo sileti habari ya barabara wala ya bei ya maharagwe sokoni. Naleta habari yangu mwenyewe. Wengi wenu mlisikia sauti yangu mwaka 2024 nikitangaza linki ya kutafuta nyumba mjini Goma. Wengine mliijaza. Ni haki yenu kujua fishi ile ilitengenezwa namna gani, majina yenu yalienda wapi, na sababu gani baadaye niliomba msamaha hewani.

Mnakumbuka Februari 2024. Vita ilikuwa imekaribia Sake, na watu wa Masisi waliokuwa wamekwisha kukimbia mara mbili au tatu wakakimbia tena. Wengine walitoka Kitchanga, wengine Mweso, wengine Nyabiondo. Kutoka upande wa Walikale walikuja pia, wengi kwa miguu hadi walipopata gari. Kambi za Bulengo na Lushagala zilikuwa zimejaa. Aliyekuwa na kitu kidogo mfukoni, pesa ya ng'ombe aliyeuzwa haraka au ya mtoto anayefanya kazi kwenye machimbo, hakutaka kulala chini ya turubai. Alitafuta chumba Ndosho, Mugunga, Katoyi au Majengo.

Kutafuta chumba Goma kuna njia yake. Mwenye nyumba hakujui, nawe humjui. Katikati yenu anasimama komisioneri. Yeye ndiye anajua nyumba ipi iko wazi, ya mbao au ya matofali, yenye maji au isiyo na maji. Anaomba pesa ya kukutembeza, hata kama nyumba hukuipenda. Ukikubali nyumba, anachukua malipo yake, kisha mwenye nyumba anaomba garanti. Sheria ya tarehe 31 Desemba 2015 juu ya kupangisha nyumba za kukaa inasema garanti isipite miezi 3. Lakini mwenye kukimbia akiwa na watoto mgongoni hajui sheria hiyo, na wenye nyumba wengine wanajua kwamba hajui.

Basi mwezi wa tano mdogo wangu akaniita. Ni mtoto wa baba mdogo, alisoma informatiki, anaishi Goma na kompyuta yake ndogo. Komisioneri mmoja alikuwa amemwomba amtengenezee fishi ya kujaza kwenye intaneti. Huyo komisioneri aliona namna wafanyabiashara wa nyumba wanavyofanya Nairobi, Dar es Salaam na Ulaya: kabla ya kukuonyesha nyumba, wanakuomba uache jina, namba ya simu, aina ya nyumba unayotaka na pesa uliyo nayo. Halafu wao ndio wanakupigia. Kwa mwenye kufanya kazi ile, jina lenye namba ya simu ni mali. Mdogo wangu alinieleza hivi: "Yaya, mtu akiandika namba yake tu, kwa komisioneri ni kama samaki amekwisha kuingia wavuni."

Neno hilo la samaki lingenishtua siku ile, lakini halikunishtua. Niliona mambo mawili tu. La kwanza, watu wetu wangeacha kuzunguka kutwa nzima juu ya mawe ya volkano wakibisha hodi. La pili, mdogo wangu aliniambia: "Wewe ndiye unajua kuuliza watu maswali. Andika maswali kwa Kiswahili chetu, nitakupa dola 30." Nikakubali. Mwandishi wa redio ya jamii hakatai dola 30.

Tulikaa jioni mbili. Nilivyofundishwa katika mafunzo ya uandishi wa habari, swali zuri linaanza na nani, nini, wapi, lini, sababu gani. Niliyaandika yote. Jina kamili. Umri. Namba ya simu. Una mume au mke? Watoto wangapi, wa umri gani? Ulitoka kijiji gani? Ulihama lini? Nyumbani mnazungumza lugha gani? Namba ya kadi ya mchaguzi. Unafanya kazi gani? Komisioneri akaongeza yake. Yalifika maswali 19.

Kila swali lilikuwa na mwenye kulitetea. Komisioneri alitaka kazi na umri, sababu wenye nyumba wanauliza. Mdogo wangu alitaka kadi ya mchaguzi ili mtu asijiandike mara mbili. Swali la kijiji na lile la lugha ni yangu mimi. Nilifikiri ni wema: mtu wa Pinga angependa kukaa karibu na watu wa Pinga. Pia, niseme ukweli, nilifikiri siku moja ningeweza kufanya reportaji na majibu yale. Hakuna mmoja wetu aliyeuliza: swali hili linamsaidia nini anayejaza?

Kazi yenyewe ya kompyuta haikuwa ngumu. Mdogo wangu alitumia Google Forms, sababu ni bure. Unaandika maswali, unapata linki, unaituma kwa WhatsApp. Mtu akijaza na kutuma, majibu yake yanaanguka kwenye jedwali: kila mtu mstari wake, kila swali safu yake. Jedwali hilo linaweza kufunguliwa kwa mtu mmoja, kwa watu unaowataja kwa majina, au kwa yeyote mwenye linki. Komisioneri alitaka kulisoma kwenye simu yake bila shida ya kukumbuka neno la siri. Mdogo wangu akachagua ile njia ya tatu. Ilikuwa saa moja ya usiku, umeme ulikuwa unakatika, naye alitaka kumaliza. Mimi nilikuwa nimekaa pembeni yake, nikaona, nikanyamaza.

Nilitangaza jioni tatu mfululizo. Nilisema: "Unayetafuta nyumba Goma, jaza fishi hii, utapigiwa simu." Ndani ya majuma mawili majibu yalipita mia mbili.

Nilipoanza kuyasoma, nilijisikia vibaya. Pale tulipouliza "Unataka nyumba ya aina gani?", mtu mmoja alikuwa ameandika: "Yoyote yenye mlango unaofungika." Mwingine: "Tuko watu 9, tangu juzi mtoto wa mwisho anahara." Mwingine, aliyejaza akiwa bado njia ya Walikale, aliuliza kama tunagawa pia sufuria. Watu hawakuwa wanajaza fishi ya komisioneri. Walidhani wanaandikishwa msaada.

Na walikuwa na haki ya kudhani hivyo. Kwetu, nani anauliza watoto wangapi na kijiji gani? Ni wafanyakazi wa mashirika. Wanakuja na simu mkononi, wengi wakitumia KoboToolbox, ile programu iliyoanzia kwa watafiti wa Chuo Kikuu cha Harvard, inayokubali kujazwa mahali pasipo na rezo kisha kutuma baadaye. Watu wetu wameandikwa hivyo mara nyingi, Masisi, Walikale, na kambini. Wamejifunza kwamba anayeuliza maswali mengi ndiye atakayerudi na unga. Sisi tuliandika maswali ya shirika kwa kazi ya komisioneri. Nami nikayasoma kwa sauti ileile ninayotumia kutangaza siku za ugawaji wa chakula.

Kulikuwa na shida nyingine ndogo ndogo. Wengi hawana simu ya androidi. Wana simu ya tochi, ya kupiga na kupokea tu. Wengine wana androidi lakini wananunua mega za WhatsApp peke yake: linki wanaiona, wakiigusa haifunguki. Wengine walianza kujaza, wakafika swali la kumi, mega zikaisha, na yote yakapotea. Na namba nyingi hazikuwa za wenye kujaza. Zilikuwa za jirani, za motari, za kijana wa duka la unite. Tuliuliza mambo 19, lakini hatukuuliza kama simu ni ya mtu mwenyewe.

Hayo yote yangekuwa makosa ya kurekebisha na kucheka baadaye. Lililofuata halikuchekesha.

Siku moja ya mwezi wa saba, mama mmoja alinifuata hadi nilipokuwa nikirekodi, kata la Ndosho. Aliniulizia kwa jina langu la redio. Alikuwa amevaa kitenge kimoja kifuani na kingine kichwani, viatu vya plastiki, na mtoto wa miaka kama sita kando yake. Alitoka upande wa Nyabiondo. Akaniamkia vizuri, nami nikamwamkia, nikampa kiti.

Akaniuliza: "Mwanangu, nyumba iko tayari?"

Nikamwambia: "Nyumba gani, mama?"

"Ile yenu ya redio. Nimekwisha kutuma dola 10. Mtu wenu alisema ni siku mbili. Leo ni ya tisa."

Nilimwomba anieleze polepole. Mwanamume mmoja alimpigia simu. Alimwita kwa majina yake yote matatu. Akamwambia kijiji alichotoka, akamwambia ana watoto 5, akamwambia anatafuta vyumba viwili Ndosho vya dola 30 kwa mwezi. Yote yalikuwa kweli. Akamwambia nyumba imepatikana, atume dola 10 za kutembelewa kwa njia ya simu, watu wengine wasimtangulie. Mama alikuwa na dola 12, pesa ya kufua nguo za watu kwa muda wa mwezi na zaidi. Alituma 10. Tangu siku ile simu ya mtu yule haipatikani.

Nilimwuliza: "Mama, hukuogopa kumtumia mtu usiyemjua?"

Akaniangalia kama mtu aliyeulizwa jambo la kitoto. "Namna gani nisimjue? Alijua mambo yangu yote. Nilimwambia nani mambo hayo isipokuwa wewe?"

Sikuwa na jibu. Mama hakuja kugombana. Hakujua kwamba ameibiwa, alikuja kuchukua ufunguo. Mimi ndiye niliyepaswa kumwambia kwamba hakuna nyumba.

Jioni ile nilikwenda kwa mdogo wangu. Tulifungua jedwali, tukamwita komisioneri. Alikuwa amemtumia linki ya jedwali kijana anayemsaidia. Kijana alikuwa amemtumia komisioneri mwingine ili wagawane kazi. Huyo mwingine aliituma kwenye kundi la WhatsApp la watu wa nyumba na viwanja. Baada ya hapo hakuna aliyejua. Hatukumpata mwizi na sitamtaja mtu. Hakuna aliyevunja kufuli, sababu kufuli halikuwekwa. Majina ya watu zaidi ya mia mbili, na vijiji vyao, na idadi ya watoto wao, vilikuwa mahali ambapo yeyote mwenye linki angeweza kuvisoma akiwa amekaa kwake.

Usiku ule mdogo wangu alifunga jedwali. Kesho yake tuligawana namba, tukaanza kupiga simu moja moja. Ilichukua siku nne na unite nyingi. Tuliwaambia watu: msitume pesa kwa mtu anayesema ametoka kwa fishi ya redio. Tuligundua wengine wanne waliokuwa wametuma, kila mmoja kati ya dola 5 na 10. Wawili walikuwa wamenyamaza kwa aibu. Mmoja, papa wa Walikale aliyekuwa mwalimu huko kwao, aliniambia: "Nilijua ni wizi nilipokwisha kutuma. Lakini mke wangu hajui, usimwambie."

Dola zangu 30 ziliisha hapo. Mdogo wangu alitoa zake. Komisioneri kwanza alikataa, akasema yeye pia ameibiwa jina. Baadaye alileta nusu ya zilizobaki, bila kusema neno. Watu watano walirudishiwa. Kisha nilikwenda redioni nikaomba msamaha, na nikaeleza kila kitu kama ninavyoeleza hapa. Msimamizi wa vipindi alihofia kwamba wasikilizaji watatuacha. Walipiga simu wengi kuliko siku nyingine zote, na wengi hawakutukana. Waliuliza: "Basi tuandike wapi sasa?"

Swali hilo ndilo lililotufanya tusiache. Nyumba bado zilitafutwa, na fishi nzuri ni bora kuliko kuzunguka. Tulikaa tena, sisi watatu, tukaandika upya. Safari hii kila swali lilipaswa kujibu jambo moja: je, bila swali hili, simu ya kumwambia mtu kuhusu nyumba haiwezi kupigwa? Likishindwa, linatoka.

Yalibaki maswali matano. Tukuite jina gani? (Jina moja linatosha, hata la utani.) Namba ya simu, na je, ni yako au ya mtu mwingine? Tukupigie saa ngapi? Vyumba vingapi, na kata gani? Unaweza kulipa kiasi gani kwa mwezi? Basi.

Kijiji kilitoka. Lugha ilitoka. Kadi ya mchaguzi ilitoka, sababu kadi inaonyeshwa siku ya kuandika mkataba, mbele ya mwenye nyumba, mkononi mwa mwenyewe. Idadi ya watoto ilitubishanisha sana. Komisioneri alisema wenye nyumba wanakataa watoto wengi, kwa hiyo bila swali hilo atatembeza watu bure. Alikuwa na sababu. Lakini nilimwambia: ukipiga simu utamwuliza, naye atakujibu akisikia sauti yako, na jibu litabaki kati yenu wawili. Alisema pia kwamba fishi ndefu inachuja watu. Asiye na nia ya kweli anachoka njiani. Hapo nilimkatalia kabisa. Katika ile ya kwanza, waliochoka njiani walikuwa wenye mega kidogo, na mega kidogo si nia kidogo.

Juu kabisa ya fishi, kabla ya swali la kwanza, tuliandika sentensi nne. Hii si orodha ya msaada. Fishi hii ni ya komisioneri wa nyumba, naye analipwa nyumba ikipatikana. Hakuna pesa ya kutuma kwa simu, kwa mtu yeyote, kabla ya kuona nyumba kwa macho. Namba yako itafutwa baada ya siku 30, na ukitaka ifutwe leo, tuambie. Komisioneri alihesabu sentensi hizo kama mtu anayehesabu hasara. Lakini alizikubali, sababu bila redio hakuna mtu angejaza tena.

Jedwali likafunguliwa kwa watu wawili tu, kwa majina yao. Kila tarehe 1 ya mwezi mdogo wangu alifuta mistari iliyopita siku 30, nami nikampigia kumkumbusha. Jedwali la kwanza, lile la maswali 19, tulilifuta lote mwezi wa nane, na nakala iliyokuwa kwenye kompyuta vilevile. Kwa wenye simu ya tochi, tuliweka namba ya kubipu: unabipu, komisioneri anakupigia na kuuliza maswali yaleyale matano, anaandika kwenye daftari. Na daftari lina sheria yake: ukurasa ukiisha kazi, unachomwa.

Fishi hiyo fupi haikufanya muujiza. Hadi mwisho wa mwaka 2024, familia 14 ambazo tulizifuatilia ziliingia nyumbani kwa njia yake. Wengine pesa haikutosha, wengine wenye nyumba waliomba garanti ya miezi 6. Hapo kitu kimoja kilitusaidia: tulikuwa tumeisoma ile sheria ya 2015 redioni, na mama mmoja wa Katoyi alimwambia mwenye nyumba, "Ni miezi 3, nilisikia." Alikubaliwa miezi 3.

Kisha ikaja Januari 2025. Mwishoni mwa mwezi ule vita iliingia ndani ya Goma, na mnajua yaliyofuata. Siku zile watu wengi waliibiwa majumbani. Mdogo wangu alikuwa amekimbilia kwa shemeji yake. Aliporudi, mlango ulikuwa umevunjwa na kompyuta haikuwapo. Nilipopata rezo, aliniambia habari hiyo kwa simu. Nitawaambia ukweli: sikufikiri kwanza kompyuta. Nilifikiri safu ya kijiji na safu ya lugha. Katika nchi yetu, siku fulani, kijiji ulichotoka na lugha unayozungumza nyumbani vinaweza kukuponza, upande huu leo na upande ule kesho. Na mimi ndiye niliyekuwa nimewauliza watu zaidi ya mia mbili waviandike kando ya namba zao za simu.

Nikamwuliza: "Lile jedwali la kwanza, una uhakika tulilifuta?"

Akasema: "Yaya, tulilifuta mwezi wa nane. Ulikuwapo."

Nilikaa chini. Tulikuwa tumelifuta kwa sababu ya dola 10 za mama mmoja. Kama mama yule angenyamaza kwa aibu kama wengine wawili, labda lingekuwa bado lipo.

Naandika haya leo kwa sababu watu wetu bado wanahama. Baada ya kambi za Goma kuvunjwa Februari 2025, wengi walirudi Masisi wakakuta nyumba zao bila mabati, wengine wakabaki mjini wakitafuta chumba, wengine wako njia ya Walikale. Na fishi za kujaza zimeongezeka: za nyumba, za viwanja, za kazi, za safari. Nyingine ni za kweli, nyingine ni mtego. Kwa macho haziachani, sababu kutengeneza fishi ni kazi ya nusu saa na ni bure kwa mtu mwema na kwa mwizi pia.

Nchi yetu ina sheria juu ya jambo hili. Kanuni ya mambo ya kidijitali, iliyowekwa tarehe 13 Machi 2023, inalinda habari za mtu binafsi: anayezikusanya anapaswa kupata kibali chako na kukueleza anazitumia kwa nini, nawe una haki ya kuomba zirekebishwe au zifutwe. Kenya iliweka sheria ya namna hiyo mwaka 2019, Tanzania mwaka 2022. Najua mtu anayelala chini ya turubai hatakwenda mahakamani kwa sababu ya namba ya simu. Lakini ni vizuri ajue kwamba anapouliza "Mnaitaka ya nini?", hajakosa adabu.

Basi, ndugu zangu, kabla ya kujaza, ulizeni mambo haya. Nani mwenye fishi hii, na ninaweza kumwona wapi kwa uso? Analipwa na nani? Swali hili la kijiji, la kabila, la watoto, linahusu nini na nyumba? Nikiliacha wazi, fishi inakataa kwenda? Namba yangu itakaa kwao hadi lini? Na mtu akikupigia akajua mambo yako yote, usihesabu kwamba ni rafiki. Mambo yako anaweza kuyasoma yeyote aliyepata karatasi. Mwambie, "Asante, nitakuja mimi mwenyewe kuona nyumba," kisha nenda na mtu, na pesa ibaki nyumbani.

Nanyi vijana wetu mnaotengeneza fishi kwa wafanyabiashara, kazi yenu ni nzuri na inalisha familia. Lakini tajiri wako akikuambia ongeza swali, mwulize atafanya nini na jibu. Asipojua, usiliweke. Na jedwali lisifunguliwe kwa yeyote mwenye linki, hata siku umeme unakatika na umechoka.

Mama wa Nyabiondo alipata chumba kimoja Mugunga, si vyumba viwili. Hakukipata kwa fishi yetu. Jirani yake wa kambini ndiye alimwonyesha. Nilipomrudishia dola zake 10 alizihesabu mara mbili, akaniombea baraka, kisha akaniuliza kama ile namba yake bado iko kwenye kompyuta. Nikamwambia hapana, mama, tumeifuta. Akasema, "Vizuri. Lakini wewe ikae nayo, labda kwetu kutatulia, unipigie kunijulisha."

Ninayo. Bado sijampigia.

Ni mimi, mwandishi wenu wa Masisi na Walikale.